Wakala wa Kujitegemea

Usiombe kuandikiwa bango na Amosi. Mkono anao, hilo hatumnyimi. Herufi zake zimenyooka utadhani zimepigwa chapa. Lakini mwaka ule hakuwa na kazi nyingine ila kuandika WAKALA kwenye vibanda vya kutolea hela za simu, kuanzia stendi ya Mpanda mpaka mwisho wa Nsemulwa, na mkono ukishazoea jambo hauulizi tena kichwa. Jumatatu hiyo Specioza Lyamba alirudi kutoka mahakamani kusikiliza mashauri ya wenzake akakuta juu ya mlango wa ofisi yake, kwenye ukuta alioupaka chokaa kwa mikono yake mwenyewe, pameandikwa kwa buluu inayong'aa: S. LYAMBA, WAKALA WA KUJITEGEMEA.

"Wakala!" alisema, amesimama katikati ya barabara, bodaboda zinamkwepa. "Miaka minne ya chuo kikuu, na shule ya sheria juu yake, leo mimi ni wakala!"

Akampigia Amosi. Amosi alikuwa ameshafika Inyonga kupaka rangi kanisa, na kwa sauti ya mtu asiye na dhambi alisema atarudi Ijumaa. Ijumaa! Siku hiyohiyo ambayo Specioza alikuwa akiiogopa kuliko siku zote.

Maana mambo yalikuwa hivi. Ofisi ile ilikuwa na miezi saba, na kwa miezi saba hakuna aliyefika na shauri lake. Walikuja vijana wa kugongewa mihuri kwenye vyeti vya kuombea mkopo wa chuo, basi. Wakili naye si muuza mitumba. Kazi yake haimruhusu apite mtaani na spika akijinadi. Atundike jina lake, akae, asubiri. Huku nyuma ofisi kubwa ya Dodoma alikofanya kazi zamani ilikuwa inamtaka arudi, na ilikuwa imempa mpaka Ijumaa saa kumi jioni ajibu. Specioza alikuwa amejiapiza: asipopata mteja mmoja wa kweli kabla ya saa hiyo, anafunga, anarudisha ufunguo kwa mwenye nyumba, anaondoka. Na safari hii harudi tena Mpanda.

Ungemwuliza kwa nini alitoka Dodoma kwenye kiyoyozi akaja kukaa kwenye chumba cha bati, angekuambia habari za uhaba wa mawakili mikoani. Ni kweli, lakini si yote. Alipokuwa na miaka minane, bwana mmoja alifika nyumbani kwao Magamba, nje kidogo ya Mpanda, na karatasi, akamwambia mama yake ni ya mbolea, aweke dole tu hapo chini. Mama hakujua kusoma. Akaweka dole. Ilikuwa karatasi ya kuuza shamba. Wino ule ulikaa siku tatu kwenye dole la mama yake, na siku zote tatu mama alilificha ndani ya kanga, hata wakati wa kula. Mama sasa ni marehemu. Shamba lina mahindi ya watu wengine.

Ndani ya ofisi alikuwemo Minza, karani. Nikisema karani nawe unacheka, cheka tu. Hata Specioza alicheka mwanzoni. Karani wa kwanza alikuwa Maiko, mwenye diploma na viatu vilivyochongoka, akadumu wiki mbili akaenda zake kusajili laini za simu. Ndipo akaja Minza, mama wa Kisukuma wa miaka hamsini na ushee, aliyepika chai na maandazi stendi miaka kumi na mitano. Kompyuta haijui. "Lakini kompyuta nayo haiwajui watu wa hapa, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, akaweka birika chini, na tangu siku hiyo hakuondoka. Ndiye aliyetoa benchi nje, kivulini mwa kibaraza.

Alipoliona bango, Minza alilitazama kwa muda. Kusoma anajua, polepole. "Buluu yake nzuri," alisema.

"Minza!"

"Sasa nifanyeje, mayu? Nililambe litoke?"

Na Jumanne watu wakaanza kuja. Miezi saba hakuna mtu, na leo foleni! Aliyetaka kutoa elfu kumi, aliyetaka kumtumia mtoto wake aliyeko shule Sumbawanga, mzee mmoja aliyekuja kugomba kwamba hela yake imekwenda kwa namba isiyo yake. Specioza aliwaeleza mmoja mmoja kwamba yeye si wakala, ni wakili. Walimtazama kwa huruma. "Kwa hiyo hela hakuna?" Hakuna. Wangeondoka kwa hasira, lakini Minza alikuwa ameshawashika mkono na kuwapa kikombe. "Umetembea juani, ndugu yangu, kaa kwanza upoe." Wakakaa. Chai ya Minza ina tangawizi ya kukufanya usahau ulikokuwa unakwenda. Wakaanza kuongea ya mvua, ya ng'ombe, ya nani kafiwa. Jumatano benchi halikutosha, wengine wakakalia mawe.

"Nyie, hapa ni ofisi ya sheria, siyo kijiwe!" Specioza aliwaambia kutoka dirishani.

"Tunakusikia, mwanangu," wakajibu kwa upole, na hakuna aliyeinuka. Specioza alirudisha kichwa ndani akiwa amekasirika kweli. Alijiona amechekwa na mji mzima.

Alhamisi joto lilizidi. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Sitalike tangu asubuhi, hayanyeshi, hayaondoki. Kumbikumbi wawili watatu waliingia dirishani, wakadondosha mabawa juu ya meza. Specioza alikuwa ameshaandika jibu la Dodoma kwenye simu, *Nimekubali, nitaripoti mwezi ujao*, amebakiza kubonyeza tu. Aliona hata kusubiri kesho ni mzigo. Mazungumzo ya benchi yalimfikia kwa mbali, yamechanganyika na honi ya treni na harufu ya tangawizi, mpaka hakujua tena lipi ni neno na lipi ni harufu. Macho yakawa mazito. Akaweka kichwa juu ya mkono.

Akamwona mama yake anakuja kwa njia ya reli, anatembea juu ya mataruma bila kuyahesabu, amevaa kanga yake ya njano. Kichwani amebeba shamba la Magamba. Lilikuwa limekunjwa kama mkeka, na mahindi yametokeza mwishoni, bado mabichi, yanatikisika. Hakuonekana kuchoka. Alifika mlangoni, akalishusha, akasema, "Hodi. Nimeambiwa hapa mnasoma."

"Karibu mama," Specioza akasema. "Nilikusubiri muda mrefu."

"Sikujua kama nasubiriwa," mama akajibu, na sauti haikuwa yake.

Specioza akafungua macho. Mlangoni palikuwa na mwanamke mwingine kabisa, mwembamba, miaka kama sitini, kanga ya njano begani, na mkononi bahasha ya kaki aliyoikunja mara nyingi mpaka imekuwa ndogo kama sabuni ya kipande. Nyuma yake Minza alikuwa amesimama akimwashiria Specioza ajifute mate shavuni.

"Anaitwa mama Esteria, wa Sitalike," Minza alisema. "Amekaa benchini tangu saa nne. Anakunywa chai tu, hasemi neno. Nikamwuliza, mayu, unasubiri hela? Kasema hapana. Anasubiri ujasiri."

Esteria aliketi kwenye ncha ya kiti. Alisema ana shamba la mpunga aliloachiwa na marehemu mume wake. Mfanyabiashara mmoja, Telesphor, ameomba kulikodi misimu miwili, na leo saa tisa anamsubiri hapa mjini aweke dole. Karatasi amepewa jana aje nayo, akaambiwa asiisumbukie, ni mambo ya kawaida. "Usiku nikaiangalia," alisema. "Nikaigeuza huku na huku. Nikajisemea, hivi atakosekana mtu mmoja duniani wa kunisomea kabla sijaweka dole? Nyumbani naona aibu, watasema simwamini mtu. Nisomee tu, mwanangu. Basi."

Specioza akaifungua ile bahasha. Mkunjo baada ya mkunjo. Alisoma mstari wa kwanza. Akausoma tena, maana alidhani bado anaota.

"Mama," alisema, "hapa hapajaandikwa kukodi. Pameandikwa mauziano. Unamwuzia shamba. Linatoka mikononi mwako na mwa watoto wako, moja kwa moja."

Nje waliokuwa wakiongea walisogea dirishani. Esteria hakulia. Aliutazama mkono wake wa kulia, akakunja dole gumba ndani ya vidole vingine, polepole, kama anayemfunika mtoto.

Hapo simu yake ikaita. Ile ya tochi, yenye sauti ya kuamsha wafu. Telesphor alisikika mpaka barabarani. "Mama, uko wapi? Wino umeshafunguliwa huku, utakauka!"

Esteria akamtazama Specioza, akatazama karatasi. "Niko kwa wakala wangu," alisema.

"Wakala? Si nimekuambia hela utaikuta hapa? Unatoa hela za nini?"

"Sitoi hela. Ananisomea."

Telesphor akaanza neno, akaliacha nusu. Akakata simu, hata kwaheri hakuna. Benchi zima likaangua kicheko, na Minza akapiga kigelegele kimoja ambacho hakina nafasi katika ofisi yoyote ya sheria.

Specioza alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, hajui kipi akizuie. "Mama, mimi ni wakili," alisema. "Hilo bango lilikosewa. Siyo wakala."

"Bango gani?"

"La hapo juu ya mlango. Si ndilo lililokuleta?"

"Mimi sisomi, mwanangu," Esteria alisema. "Nimepita ofisi ngapi zenye mabango leo? Zote kwangu ni rangi tu. Hilo la wakala nimelisikia benchini. Hapa niliona watu wamekaa wanakunywa chai, na hakuna anayewafukuza. Nikasema, hapa hata mjinga anaweza kuuliza."

Specioza akalitazama benchi kupitia mlangoni. Miezi saba alikuwa amehangaika na jina, na chokaa, na herufi, na wale aliowafuata Mpanda hawasomi. Mama yake angepita mlango huu mara mia bila kujua ni wa nani. Wiki nzima amekuwa akitaka kulifukuza benchi lile.

Akachukua simu, akafuta *Nimekubali*, neno moja baada ya jingine. Kisha akatoa karatasi safi na kuandika kwa mkono kwamba Esteria wa Sitalike amemteua wakili Specioza Lyamba asimame kwa niaba yake katika shauri la shamba lake. Ikambidi aisome kwa sauti. Akaisoma. Akaona haitoshi, akaisoma tena, taratibu, kila neno na maana yake, na Esteria akauliza "kwa niaba" ni nini, akaelezwa. Ndipo Specioza akafungua pedi ya wino ya kuwekea dole, ambayo haijawahi kuguswa tangu inunuliwe.

Esteria akafungua ngumi, akalikandamiza dole, akaliweka kwenye karatasi kwa nguvu zake zote. Alama ikabaki, buluu, mistari yake yote inaonekana.

Specioza alichovya leso kwenye maji, akaushika ule mkono mgumu wa jembe ili amfutie. Alitaka kulifuta dole hilo kuliko kitu chochote alichowahi kutaka. Lakini Esteria akauvuta mkono wake.

"Acha, usilifute," alisema. "Nataka nishuke nalo Sitalike. Waone nimeweka dole, na waniulize nimeweka wapi."

Akamshukuru Minza kwa chai, akatoka. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanza kugonga bati. Akapita mbele ya benchi na mbele ya barabara nzima kuelekea stendi, kanga amejifunika kichwani, mkono wa kulia ameutoa nje kwenye mvua, dole juu.