Mama Hakuwa na Hasira

Naima Msafiri alikuwa mtunza kumbukumbu katika wizara moja kule Mtumba, na kwa miaka minne aliamini kuwa kichwa kinamuuma kwa sababu ya kazi. Nani angembishia? Ofisini kwao kila mtu alikuwa akiumwa kichwa. Kulikuwa na kompyuta, kulikuwa na vumbi la mafaili ya zamani, na jua la Dodoma lilipiga kwenye vioo vya majengo mapya hadi watu wakatembea wamekunja uso. Edina, mwenzake wa meza ya pili, aliweka dawa za maumivu kwenye droo kama wengine wanavyoweka pipi. Ukishika tu paji la uso, ameshakusukumia vidonge viwili na chupa ya maji.

Edina mwenyewe vilimtuliza ndani ya nusu saa. Naima vilimtuliza siku nyingine, na siku nyingine ilikuwa kama amemeza chaki. Siku hizo hakumwambia mtu. Alirudi nyumbani Ipagala, akapita sebuleni bila salamu ya kueleweka, akajifungia chumbani mpaka kesho yake. Mumewe, Athuman, alikuwa dereva wa serikali na mara nyingi yuko safarini. Alipokuwepo alimlisha mtoto na kumlaza bila kuuliza mengi. Mtoto huyo, Miriam, alikuwa na miaka sita, na alishajifunza kutembea kwa ncha za vidole.

Hizo ncha za vidole zilimuuma Naima kuliko kichwa chenyewe. Alizijua. Yeye na kaka yake Nurdini walikulia Kolo, upande wa Kondoa, katika nyumba ambayo mama alikuwa na siku zake za kufunga mlango. Baba aliwaambia, "Mwacheni mama yenu," basi, hakuongeza neno. Yaliyobaki watoto waliyajazia wenyewe: mama amekasirika, na kama amekasirika, basi kuna aliyemkosea. Naima alipokuwa na miaka tisa, mbuzi aliokuwa akiwachunga walimponyoka wakaingia kwenye mbaazi. Jioni ileile mama akafunga mlango, na hakutoka kwa siku mbili. Naima alifagia uwanja, akachota maji, akasugua masufuria kwa majivu mpaka vidole vikachubuka. Mlango haukufunguka. Toka siku hiyo alijiapiza kwamba akijaaliwa mtoto, hatamfanyia hivyo.

Mwaka huu, mwezi wa saba, mavuno yakiwa yameingia ndani na upepo wa baridi ukivuma, mama yake alikuja Ipagala kukaa wiki tatu. Mwantum alikuwa na miaka sitini na mmoja, mwembamba, mwenye maneno machache. Alileta mbaazi, dumu la asali na jogoo mmoja aliyefungwa miguu. Naima alimpenda mama yake, lakini alimpenda kwa tahadhari, kama mtu anavyobeba sufuria ya uji wa moto.

Siku ya tano, Jumatano jioni, walikuwa jikoni. Naima alikuwa akikata mchicha na kupiga miayo, mwayo baada ya mwayo, na machozi yakamtoka. Alimkaripia Miriam kwa kuacha kandambili mlangoni, kisha akamwomba radhi, kisha akafungua kopo la sukari akajilambia kijiko kizima amesimama. Mwantum alikuwa akipeta choroko kwenye ungo. Mikono ikasimama.

"Naima."

"Abee, mama."

"Shingo inakukaza?"

Naima akajigusa kisogo. "Kidogo. Nimeinama sana leo."

"Kesho usiende kazini."

"Kuna nini kesho?"

"Hakuna kitu. Usiende tu."

Naima alicheka, akaendelea na mchicha. Kesho yake akaenda.

Saa nne asubuhi alikuwa akisoma jina kwenye jalada la faili, na nusu ya jina haikuwepo. Alifumba macho, akafumbua. Pembeni, upande wa kushoto, palikuwa na kitu kinachong'aa, chenye meno kama msumeno, kikimetameta na kupanuka taratibu. Haikuwa mara ya kwanza kukiona. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata Athuman, kwa kuogopa kuambiwa kwamba anakuwa kipofu. Alikaa kimya akiwa ameshika meza. Baada ya kama dakika ishirini mwanga ule ulififia, na maumivu yakaingia nyuma ya jicho la kulia, yakipiga pamoja na mapigo ya moyo. Edina aliinama kumuuliza kulikoni. Manukato yake, yaleyale ya kila siku, yalimchefua Naima, akawahi kutapika kwenye kikapu cha karatasi taka.

Edina alifungua droo, akamtazama tena, akaifunga. "Twende nikupeleke kwako," alisema, akachukua funguo za gari.

Mwantum aliwapokea mlangoni. Hakusema pole, wala hakuuliza binti yake kala nini. Alimshika mkono, akampeleka chumbani, akamlaza. Kisha Naima, akiwa amefumba macho, akasikia mambo yakitendeka moja moja. Kitenge kizito kilitundikwa dirishani. Saa ya ukutani ilinyamaza. Baadaye aliikuta imetolewa betri. Beseni liliwekwa chini upande wa kichwa, mahali ambapo mkono ulilifikia bila kutafuta. Kitambaa cha maji baridi kikalazwa juu ya jicho linalouma, na shuka lenye harufu ya sabuni likaondolewa, likaletwa lingine. Mama alikuwa amevua viatu. Jikoni, kitunguu kilichokuwa kimeanza kukaangwa kiliacha kulia kikaangoni, jiko likazimwa.

Hapakuwa na mtu aliyewahi kumfanyia hivyo. Athuman kwa upendo wake wote alizoea kuingia kila saa, kuwasha taa na kuuliza kama amepata nafuu.

Mchana Miriam alirudi kutoka shule. Naima alisikia begi likiwekwa chini polepole, halafu sauti ndogo nje ya mlango.

"Bibi, mama amenikasirikia?"



"Hapana," alisema Mwantum. "Mama yako anaumwa. Ugonjwa wake unaitwa kipandauso. Ukimshika hawezi mwanga wala kelele. Haukuletwa na wewe, na ukiisha atatoka. Umesikia?"

"Kwa sababu ya kandambili?"

"Kandambili hazileti ugonjwa, mjukuu wangu. Njoo ule."

Gizani, machozi yalimtoka Naima yakateremka mpaka masikioni. Kulia kulizidisha kupiga kwa kichwa, kwa hiyo akajizuia.

Alitoka Ijumaa alasiri, mwepesi na mweupe kama mtu aliyetoka kwenye homa. Mwantum alikuwa kibarazani. Alimmiminia uji wa uwele, akamwacha anywe nusu kikombe kwanza.

"Ulijuaje, mama? Juzi, kabla hata hakijaanza."

"Miayo," alisema Mwantum. "Na sukari. Mimi huanza hivyohivyo. Ila mimi hutamani chumvi."

Naima akashusha kikombe.

"Kilinianza nikiwa na miaka kumi na mitatu," mama aliendelea, macho yakiwa kwenye kuku. "Bibi yako alisema ni jini, nikafukizwa mpaka nikazirai. Nilipoolewa, mama mkwe akasema ni uvivu wa palizi, maana kilipenda kunishika kwenye jua. Kuna watu wana majina mabaya, Naima. Mwenye jini anaogopwa. Mvivu anadharauliwa. Nikaona heri niitwe mkali. Mtu mkali anaachwa na mlango wake."

"Kwa hiyo hukuwa na hasira."

"Hasira nilikuwa nazo, nani hana? Lakini mwenye hasira anafunga mlango akalale? Mwenye hasira anasema."

Naima akalitoa jambo lake kwa haraka, kama mtoto. "Siku wale mbuzi walipoingia kwenye mbaazi. Ulikaa ndani siku mbili. Nilisugua masufuria yote."

Mwantum alimgeukia, na usoni pake palikuwa na mshangao mtupu. "Mbuzi gani?"

"Mbuzi wetu, mama. Nilikuwa na miaka tisa."

Mama alijaribu kukumbuka. Ilionekana alivyokuwa akijaribu. "Sijui habari ya mbuzi," alisema hatimaye. "Masufuria nayakumbuka. Nilitoka nikayakuta yanang'aa, nikasema mtoto huyu ana mikono mizuri. Sikukwambia?"

"Hukuniambia."

"Basi nakwambia leo," alisema Mwantum. Alichukua mkono wa binti yake, akaufungua kiganja, akaushikilia hivyo mpaka uji ukapoa.

Jumatatu walikwenda zahanati moja ya Makole. Mwantum alisisitiza kwamba anasindikiza tu. Daktari, kijana aitwaye Anyitike, aliwaamkia, akawakalisha, akafungua daftari.

"Kinauma kichwa chote au upande mmoja?" alimuuliza Naima.

"Upande mmoja," alijibu Mwantum. "Siku nyingine kinahama."

"Kinabana, au kinapiga?"

"Kinapiga. Kama kinu."

"Ukiinama au ukipanda ngazi?"

"Kwetu hakuna ngazi. Ukiinuka kitandani tu, unajuta."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, samahani, mgonjwa ni nani?"

"Ni huyu," alisema Mwantum. "Mimi nimemsindikiza."

Naima alianza kucheka, na kicheko chake kikamwambukiza daktari. Akavuta daftari la pili, akaanza upya na wote wawili. Aliwapima shinikizo la damu, akawamulika macho, akawaambia wamkamate vidole kwa nguvu, kulia na kushoto. Kisha akaeleza taratibu, kama mtu anayeelekeza njia.

Kuna kichwa cha kawaida, alisema, kile cha uchovu, kiu au macho kukodolea kompyuta. Hicho hubana pande zote kama kilemba kilichokazwa sana. Kinaudhi, ila kazi utafanya na chakula utakula. Kipandauso ni kitu kingine. Mara nyingi hukaa upande mmoja, hupiga, huzidi ukitembea. Tumbo huvurugika, mwanga na kelele hazivumiliki, na huweza kudumu kutwa nzima au hata siku tatu. Baadhi ya watu huona vimulimuli kwanza, kama Naima, na hilo si upofu.

"Na dawa unameza siku ngapi kwa mwezi?"

Naima alihesabu kwa vidole, vikamwishia, akaanza upya. Zilikuwa zaidi ya nusu ya mwezi.

"Hapo kuna tatizo jingine," alisema Anyitike. "Ukimeza mara nyingi hivyo, dawa yenyewe huanza kuleta kichwa. Umekuwa ukivichanganya vichwa vyote hivyo, huku ukivipa dawa moja." Alimwandikia dawa ya kumeza mapema, dalili zikianza tu, na ya kutuliza tumbo, akamwekea kikomo cha siku, akamwambia asiache kula mchana na aandike kila kichwa kilivyomjia. Aliwaonya pia: kikija ghafla kwa ukali usiowahi kuonekana, au na homa na shingo ngumu, au mkono ukalegea na maneno yakapotea, wasikae nyumbani, wakimbilie hospitali.

"Na huu ugonjwa," aliuliza Mwantum, "mtoto anaupata wapi?"

"Mara nyingi hurithiwa, mama."

Mwantum aliinamisha kichwa. "Basi nimempa mimi."

"Na mikono mizuri umenipa wewe," alisema Naima. "Usichague cha kulilia."

Mwantum alirudi Kolo mwishoni mwa mwezi, na karatasi ya dawa yake mwenyewe ameikunja ndani ya kanga. Naima alibaki akijifunza. Wiki mbili za kwanza bila vidonge vya Edina zilikuwa chungu, kisha zikalegea. Kichwa kikimjia sasa alitulia kwanza akakichunguza: pande zote au mmoja, kinabana au kinapiga, nataka kula au sitaki hata harufu. Mara nyingi kilikuwa cha kawaida, akanywa maji, akatembea kidogo kwenye korido, kikaisha. Kipandauso chenyewe kilikuja mara mbili mwezi wa nane. Alimtajia Miriam jina la ugonjwa mapema, akameza dawa, akalala, na mara ya pili alikuwa mezani wakati wa chakula cha jioni. Athuman alielekezwa kuhusu taa. Alisikitika sana kwa miaka yote ya kuiwasha.

Mwezi wa tisa mama alipiga simu.

"Baba yenu nimemwambia," alisema bila utangulizi. "Nimemwambia ni kipandauso, daktari kaandika. Unajua kasema nini? Kasema miaka arobaini alidhani nimemkasirikia yeye. Kumbe ndiyo maana kila nikitoka ndani nakuta kaninunulia kanga."

"Mama, na wewe ulidhani ni za nini?"

"Nilidhani anapenda kanga." Alicheka, kisha akabadilisha sauti. "Halafu jana kichwa kiliniuma kutwa."

Naima akasimama. "Ulimeza dawa? Ulilala?"

"Nilale, na ilikuwa harusi ya mtoto wa jirani Shaaban? Nilikisikiliza kwanza, kama alivyosema yule daktari. Kilikuwa kinanibana huku na huku, tumbo shwari, pilau nataka. Nikasema hiki siyo. Hiki ni cha jua tu, kama cha watu wote. Nikanywa maji, nikarudi kucheza."

"Ukacheza huku kichwa kinauma?"

"Nikacheza mpaka wakaja kunitoa uwanjani," alisema Mwantum, na furaha ilikuwa imejaa sautini mwake.

Naima alikaa kitandani, akamuuliza bibi harusi alivaa nini, na mama akaanza kueleza kuanzia viatu.