Mkate Juu ya Mlango

Mkate ulikuwa umetundikwa juu ya mlango, umeng'atwa upande mmoja, umekauka kiasi kwamba ukiugonga unaitika. Hapa mjini Istaravshan, kila nyumba iliyompeleka kijana Urusi kutafuta kazi huwa na mkate kama huu. Kijana anaung'ata siku ya kuondoka, mama anautundika, na siku akirudi anaumaliza. Ajabu ya huu ni kwamba aliyeung'ata alikuwa amelala chumba cha pili, blanketi limemfunika hadi utosini.

Mama yake, Robiya, alikuja kituo chetu cha afya cha mtaa akinong'ona kama mwizi. Bahrullo alikuwa amefukuzwa Urusi, akarejea alfajiri kupitia mlango wa nyuma, mikono mitupu. Mama akamficha. Tangu hapo hanyoi ndevu, hatoki hata uani.

"Mwalimu, juzi kaniambia heri ningeletewa maiti yake," alisema, akashika mdomo.

Maneno kama hayo hayasubiri kesho. Tulikwenda siku ileile pamoja na daktari; dawa zikaanza, kamba na visu vikaondolewa. Kazi ya mazungumzo nikamkabidhi Manizha, mwanafunzi wangu wa saikolojia aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Nimesimamia wanafunzi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na huyu alinichosha kuliko wote. Alikuwa na akili kali na moyo safi, lakini alitaka kila mgonjwa apone kabla chai haijapoa.

Basi siku ya pili tu akautungua ule mkate, akauweka mbele ya kijana.

"Kaka, umesharudi. Umalize, yaishe."

"Nani kakwambia nimerudi?" Bahrullo alifoka. "Toka! Toka nje!"

Kikombe kikavunjika ukutani. Manizha alinifuata kituoni macho mekundu.

"Niondoe, Mwalimu. Sifai. Akijidhuru je?"

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jifute kamasi kwanza. Alisema nini hasa?"

"Alisema nani kakwambia nimerudi."

Nilikuwa na jibu langu, nikalimeza. Msimamizi anayejibu kila kitu hulea kasuku. Nikamimina chai, nikangoja.

"Mwalimu," alisema mwishowe, polepole, "kumbe ni kweli. Hajarudi. Hakuna aliyempokea, hakuna aliyemwambia karibu. Kaingizwa kama gunia la magendo!"

Kesho yake alikwenda, akaomba radhi, akautundika mkate mahali pake. Kisha akakaa sakafuni nje ya chumba cha kijana, bila swali. Nilikuwa sebuleni na mama mtu. Ilipita saa nzima ndipo sauti ikatoka ndani.

"Umeurudisha?"

"Nimeurudisha. Mwenyewe ni wewe."

Hapo ndipo alipoanza kusema: jengo, baridi, mshahara uliodhulumiwa, aibu. Wiki baada ya wiki akafika uani, akakaa chini ya mforosadi, akafika langoni. Siku moja akauliza mwenyewe, huku amenyoa ndevu:

"Dada, mtu akitaka kurudi, anaanzia wapi?"

"Stendi," Manizha alijibu.

Robiya akaruka. "Stendi! Majirani watasemaje? Nimewaambia yuko Urusi anajenga maghorofa!"

"Mama," Bahrullo alisema, "nimechoka kuwa Urusi."

Siku ikafika. Alitoka asubuhi na mapema kwa mlango wa nyuma, begi begani, na tukamkuta stendi. Kisha akaanza kupanda mtaa, yeye mbele, sisi nyuma. Kwenye duka la kinyozi miguu ikagoma. Begi likaanguka. Nilimtazama Manizha. Yule wa zamani angemsukuma mgongoni. Huyu alikwenda akasimama kando yake, akatazama alikokuwa akitazama, akanyamaza naye kana kwamba walikuwa na siku nzima.

Bahrullo akainama, akaokota begi.

Wa kwanza kumwona alikuwa jirani yao Sanavbar, mwanamke mwenye ulimi ambao mtaa mzima huuogopa. Alikuwa akifagia mbele ya lango lake. Nikasema moyoni, tumekwisha.

"Ehee! Bahrullo huyo? Umefika lini, mwanangu?"

Kijana alijibu, "Ndiyo kwanza naingia, shangazi. Nimekuja mikono mitupu."

"Mikono mitupu si ndiyo ya kukumbatia? Njoo hapa! Jamani, Bahrullo karudi!"

Malango yakafunguka. Wazee wakamshika mabega, wanawake wakambusu kipaji cha uso, na pilau ikaanza kutolewa uani kwa Sanavbar, sufuria kubwa kama ya harusi. Mimi nami si mtoto. Pilau haiivi kwa kufumba na kufumbua.

"Ulijua?" nilimnong'oneza Sanavbar.

"Mwalimu, aliye Urusi huanikiwa mashati hapa kila wiki? Mtaa mzima ulijua. Lakini mtu hapokelewi kabla hajafika. Leo nilipomwona anatoka na begi kwa nyuma, nikamwambia mzee wangu, bandika sufuria."

Ndani kwao, Bahrullo aliutungua mkate. Mama alitaka kuulowesha kwenye chai, akakataa. Akaung'ata palepale alipouachia, kwa meno yote.

Kraa!

Ilisikika hadi nje. Akatafuna, machozi yanamtiririka, akacheka huku makombo yanamtoka.

"Mgumu kama jiwe, Mama!"

"Wewe si umechelewa!" Robiya alipiga kelele, naye analia. Mtaa ukalipuka kwa vigelegele.

Alikula mkate wote, kipande kwa kipande, na hakuna aliyemharakisha. Manizha alikuwa amekaa mbele yangu, kikombe mkononi, akimtazama tu. Chai yake ilikuwa imepoa kitambo, wala hakuwa na habari.