Sheria ya Masikio Wazi

Saa tatu na robo asubuhi, siku ya tisa ya mwezi wa Mapalilio, mwaka wa themanini na mbili tangu Mkataba, Yakini alipita katika Ukumbi wa Vigingi bila kutundika kitu. Bawabu aliliandika jambo hilo katika daftari lake, akalipigia mstari, kisha akanyanyua kichwa kuhakikisha kwamba macho yake hayakumdanganya. Hayakumdanganya. Msalaba mdogo wa shaba ulikuwa kifuani pa mzee yule, na kigingi chake kilikuwa kitupu.

"Mzee, kigingi chako kipo wazi," alisema bawabu kwa adabu.

"Nimekiona, bwana," alijibu Yakini, akaingia barazani.

Ili uzito wa tendo hili ueleweke, desturi ya nchi ile lazima ielezwe. Nchi iliitwa Manufaa, na kila kilichokuwamo, kuanzia mti hadi wimbo, kiliulizwa swali moja tu: kina faida gani? Mti usiozaa ulikatwa, na wimbo usiowachangamsha wavunaji ulisahauliwa kwa amri. Dini haikukatazwa. Ilisifiwa, tena sana, kwa kuwa iliwafanya watumishi wawe waaminifu, ndoa zidumu na wagonjwa wafe bila kelele. Lakini kwa kuwa ilihesabiwa kuwa chombo, ilitendewa kama chombo. Kila diwani aliyefika katika Baraza la Maslahi, katika mji mkuu wa Mapatano, alivua alama ya imani yake na kuitundika katika kigingi chenye jina lake, pamoja na mwavuli, kisha akaingia kujadili mambo ya nchi akiwa mwepesi. Jioni alivichukua vyote viwili. Ilitokea zaidi ya mara moja kwamba mtu alikumbuka mwavuli peke yake.

Yakini alikuwa ameifuata desturi hiyo kwa miaka kumi na saba, naye ndiye aliyekuwa mhafidhina mashuhuri kuliko wote nchini. Alikuwa ameandika vitabu kumi na kimoja. Alipinga kubadilishwa kwa kalenda, akashinda; alipinga kufutwa kwa mabaraza ya wazee wa mitaa, akashindwa, na miaka sita baadaye yakarudishwa kwa hoja zake mwenyewe bila jina lake kutajwa. Hakuwa mtu wa machozi. Hata Ukatoliki aliuingia kwa njia ya maktaba: alisoma kwa miaka sita, akaandika pingamizi zake zote, akazijibu moja baada ya nyingine, na alipobaki na pingamizi moja ambalo halikuwa hoja bali kiburi, akaenda kubatizwa. Wenzake wa kambi ya Walinzi wa Desturi waliipenda imani yake kama watu wapendavyo saa kubwa ya ukutani katika nyumba ya rafiki: inapendeza, inampa mwenyewe heshima, na hakuna anayeitazama ili ajue ni saa ngapi.

Mwezi mmoja kabla ya asubuhi ile, Hifadhi ya Nyaraka iliungua. Mchomaji hakupatikana. Dhana, Mwanasheria Mkuu, mtu ambaye upungufu wa ushahidi haukuwahi kumnyima usingizi, alitangaza kwamba mchomaji lazima awe ameungama, kwa hiyo padre lazima awe anamjua. Ukatungwa muswada ulioitwa Sheria ya Masikio Wazi: padre yeyote asikiaye maungamo ya dhambi atayarudia mbele ya Baraza kila atakapotakiwa. Katika Manufaa yote padre alikuwa mmoja tu, Padre Sitiri, wa kanisa la matofali katika mtaa wa Ukingoni.

Siku tatu kabla ya muswada kusomwa, Spika Wastani, rafiki wa Yakini tangu ujana, alifika nyumbani kwake kuomba dibaji ya muswada.

"Kurasa mbili tu, kaka," alisema, akijikunjua kitini. "Wananchi wakiona jina lako, hawataulizana tena."

"Ndiyo sababu siandiki."

Wastani alicheka. "Yakini! Si wewe uliyetufundisha kwamba taifa lisilo na dini huoza? Basi leo tunaipa dini kazi."

"Mnaipa kazi ya upelelezi."

"Kazi ni kazi. Hebu niambie, kile kiti cha maungamo kinafaa nini sasa hivi? Watu wanaingia, wananong'ona, wanatoka. Taifa linapata nini?"

"Halipati kitu. Sijawahi kupiga magoti pale kwa niaba ya taifa."

Spika aliweka kikombe chini, akamtazama rafiki yake kama daktari amtazamavyo mtu aliyemdhani mzima. "Kwa hiyo wewe unaamini kwamba mambo yale ni kweli. Kweli hasa, kama mvua ilivyo kweli."

"Ulidhani naamini vipi?"

"Nilidhani unaamini kama msomi anavyoamini!"

"Shemeji, ongeza chai," alisema Razina, mke wa Yakini, akileta birika. "Utakayoyasikia leo hayamezeki makavu."

Wastani hakuongeza. Alisimama mlangoni na kusema, kwa huzuni ambayo haikuwa ya kuigiza, kwamba diwani atakayeupinga muswada atapoteza kiti chake, na kwamba vitabu kumi na kimoja vitaondolewa shuleni kabla ya wiki kwisha. Maisha mazima, alisema, yatatupwa kwa ajili ya minong'ono.

Alipokwenda, Razina alikaa pale alipokuwa amekaa mgeni. "Na ile barua?" aliuliza.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Katika kitabu chake kilichopendwa kuliko vyote, kile kilichosomwa na kila mtoto wa Manufaa, alikuwa ameandika kwamba koo zote nane zilitia sahihi Mkataba wa nchi kwa hiari. Wiki mbili kabla ya kitabu kuchapwa aliikuta, katika Hifadhi, barua ya kamanda wa wakati ule, ikieleza kwamba ukoo wa Ukingoni ulitia sahihi baada ya visima vyake kufungwa kwa siku kumi na tisa. Aliinakili kwa mkono wake, akaandika namba ya jalada, akaisoma mara mbili, kisha akaiacha nje ya kitabu, kwa kuwa ingewapa silaha wapinzani wa desturi. Miaka minne iliyopita aliiungama dhambi hiyo. Padre Sitiri alimwondolea, akamwambia arekebishe alichokiharibu. Hakumpangia siku. Yakini, mtu wa tarehe na namba, aliitumia nafasi hiyo kwa miaka minne.

"Barua yenyewe imeungua," alisema Razina. "Ukitoa nakala leo, watasema wewe ndiye uliyewasha moto."

"Watasema."

"Na usipoitoa?"

"Watasema nautetea mlango wa padre kwa sababu nimejificha nyuma yake. Na hapo, mke wangu, watakuwa wamesema kweli."

Razina alisimama. "Haya. Kanzu nyeupe haijapigwa pasi. Nitaipiga."

Hivyo ndivyo alivyofika barazani siku ya tisa. Madiwani mia mbili na wanne walikuwa wameketi. Padre Sitiri, mzee mfupi mwenye kikohozi, alikuwa ameitwa kama shahidi na kuwekwa kwenye benchi la pembeni. Katibu wa kumbukumbu, Bi Nakili, alikuwa mezani na kalamu zake.

"Mheshimiwa Yakini," alisema Spika, "umesahau kitu shingoni."

"Nilisahau kwa miaka kumi na saba, Mheshimiwa Spika. Leo ndiyo nimekumbuka."

Wachache walicheka, kisha wakaangaliana, wakaacha. Yakini akaendelea kusimama.

"Nimewaandikia kwa muda mrefu kwamba imani ina faida. Sikusema uongo, faida zipo. Lakini niliwapa jambo la pili kana kwamba ni la kwanza. La kwanza ni kwamba ni kweli. Kama si kweli, faida zake zote nawarudishia, sizitaki. Na kama ni kweli, basi anayesikiliza pale kitini si mtumishi wa Baraza hili, na Baraza hili haliwezi kumtuma."

Dhana alinyanyuka taratibu, akitabasamu. "Hotuba nzuri. Ila mimi ni mtu wa sheria, najiuliza swali dogo. Anayepigania kimya cha padre namna hii, mwenyewe alimwambia nini padre? Hebu mzee wetu atueleze!"

"Aseme!" walipaza sauti madiwani, wakigonga meza. "Aseme! Aseme!"

Yakini akasema. Alitaja kitabu, ukurasa na sentensi. Alitaja namba ya jalada, tarehe ya barua, jina la kamanda, idadi ya visima na idadi ya siku. Alisema kwamba alijua, kwamba alificha, na kwamba sababu ilikuwa woga wa kushindwa katika mjadala. Aliyataja kama mtu anayehesabu vitu ghalani, bila kujipunguzia wala kujiongezea, akatoa nakala kifuani na kuiweka mbele ya katibu.

Hakuna aliyegonga meza.

"Barua hiyo ilikuwa katika Hifadhi!" alifoka Dhana. "Na Hifadhi imeungua! Nani alikuwa na sababu ya kuichoma kumzidi huyu?"

"Mwenye sababu ya kuichoma asingetunza nakala," alijibu Yakini. "Lakini peleleza. Ndiyo kazi yako, na hujaianza."

Dhana alimgeukia Padre Sitiri. "Padre! Mtu huyu alikuungamia hayo? Ndiyo au hapana."

Padre alikohoa, akafuta mdomo kwa leso. "Sina la kukuambia, mwanangu."

"Mwenyewe amekwisha kusema mbele ya watu mia mbili!"

"Basi mna neno lake. Langu la nini?"

"Tunataka uthibitisho!"

"Nami nakuambia sina kitu. Ungeniuliza kama aliwahi kuja kanisani kwangu, ningekuambia ndiyo, Jumapili zote, na huimba vibaya. Hayo niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe."

Yakini alimtazama. Kwa miaka minne mzee yule alikuwa amempa mkono mlangoni baada ya Misa, akamwuliza habari za goti lake, na hakuna siku hata moja ambayo jicho lake lilimkumbusha deni lake. Sasa kimya kilekile kilikuwa kikilindwa mbele ya watu waliokwisha kusikia kila kitu, wakati ambapo neno moja lingemtoa padre hatarini. Yakini alikuwa ameandika sura nzima juu ya jambo hili. Aligundua kwamba sura ile ilikuwa fupi mno.

Spika Wastani alifuta jasho. Aliona kile ambacho Dhana hakukiona: kwamba Mkataba wenyewe, ambao juu yake kiti chake kiliwekwa, ulikuwa umetiwa doa barazani. "Bi Katibu," alisema, "maneno ya Mheshimiwa Yakini kuhusu Ukingoni yasiingie katika kumbukumbu."

"Nimekwisha kuyaandika, Mheshimiwa," alisema Nakili.

"Basi yafute."

"Kanuni ya kumi na nne, Mheshimiwa. Maneno ya diwani aliyesimama hayafutwi bila kura."

"Dada, usinifundishe kanuni!"

Nakili aliweka kalamu chini. Sauti yake haikupanda. "Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Ukingoni, siku ya kumi na moja katika hizo siku kumi na tisa. Alikuwa akisema hakuogeshwa alipozaliwa, maji hayakuwapo. Sisi wajukuu tulimcheka, tukidhani anatutungia. Leo nimeandika namba ya jalada. Mwingine afute, mimi hapana."

"Mlikutana hapa kutunga sheria ya kufungua masikio," alisema Yakini, "na ukweli wa kwanza ulioingia mnaufukuza kabla ya chakula cha mchana. Pigeni kura. Ninataka hesabu yake ijulikane."

Kura zilipigwa. Waliotaka maneno yafutwe walikuwa mia na arobaini na mmoja, waliokataa sitini na watatu, na karani wa zamu aliitwa kukwangua ukurasa. Nakala ya barua haikutajwa katika azimio, kwa hiyo Nakili aliipiga muhuri, akaipa namba mpya ya jalada, ndipo akatoka. Kisha Sheria ya Masikio Wazi ikapitishwa kwa kura mia na ishirini na tatu dhidi ya themanini na moja. Padre Sitiri aliulizwa mara ya pili, akajibu kama mara ya kwanza, akapelekwa gerezani saa saba na nusu. Yakini alivuliwa udiwani saa nane. Vitabu vyake viliondolewa shuleni siku iliyofuata. Katika mtaa wa Ukingoni walimu watatu walikataa kutoa kile cha Mkataba, wakaandika siku kumi na tisa pembezoni mwa ukurasa.

Jumamosi, saa kumi alasiri, Yakini alifika lango la gereza. Askari aliyekuwa zamu, kijana mwenye sare mpya, alimtambua.

"Shikamoo, mzee. Umekuja kumwona padre?"

"Marahaba. Nimekuja kuungama."

Askari alisita. "Mzee, unajua sheria? Ukimwambia kitu, lazima akiseme. Kuna ofisa ndani na daftari."

"Naijua. Niliisoma zaidi ya walioipitisha."

"Na bado unaingia?"

"Fungua, mwanangu."

Mlango ulifunguliwa. Ofisa mwenye daftari aliwekwa upande wa pili wa ua, mahali anapoweza kuona lakini asisikie, kwa kuwa Padre alikataa kuanza mpaka asogee. Yakini alipiga magoti juu ya sakafu ya saruji, goti lile bovu likiwa la mwisho kushuka, akaungama kwa dakika kumi na moja, akaondolewa dhambi, akasimama kwa kushika ukuta, akatoka.

Ofisa alivuka ua, akafungua ukurasa wa kwanza na kulowesha ncha ya penseli.

"Haya, Padre. Amesema nini?"

Padre Sitiri alikohoa, akainyoosha stola, ule ukanda wa kipadre, shingoni. "Mwambie anayefuata aingie," alisema.

Nje ya lango walikuwa wamesimama watu arobaini na mmoja.