Ukuta Usiofika Juu

Kitendawili! Sema tega. Nina mgeni hagongi mlango, hali chakula changu, ananila mimi. Usiseme njaa, njaa ukiipa ugali hutulia, na huyu hatulii. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Kangeta? Asante. Nimeenda Kangeta, kule Igembe ya Meru, nimeketi pale sokoni mahali miraa inafungwa, nimekunywa chai ya maziwa mengi, na jibu nimelikuta limevaa sweta ya kijani na kitambaa cha kichwa, linaitwa Karwirwa. Jibu ni wivu.

Lakini usimchukie. Karwirwa alikuwa mjane mwenye mikono ya kazi. Alimsomesha Muthomi, mwanawe wa pekee, kwa miraa ya shamba dogo mpaka akawa mtu wa ofisi kule Embu. Muthomi akaoa Mukami, msichana wa huko huko Embu, wakapata mtoto wa kike, na mtoto akapewa jina la nyanya yake: Karwirwa. Siku ya ubatizo Karwirwa mkubwa alipiga vigelegele mpaka pasta akangoja.

Taabu ilianza baadaye. Kule Embu, mtaa unaoitwa Dallas wanakokaa, hakuna aliyemwita mtoto Karwirwa. Walimwita Kanini, yaani kadogo. Aliyeanzisha ni Celina, mama yake Mukami, ambaye kwake ni karibu, mtu anatembea tu. Mukami akienda kazini, Celina ndiye aliyembeba mtoto, akamlisha, akamfundisha kusema. Sasa mtoto ana miaka minne, na ana cucu, yaani nyanya, na ana cucu wa Meru. Mtu akiongezewa mji kwa jina, ujue huyo ni mgeni.

Siku moja Karwirwa alikuwa uani anapanga miraa kwa majani ya ndizi, simu ikalia. Alikuwa Muthomi.

“Mama, mwezi wa nane tunaenda Pemba.”

“Pemba? Kuna mtu mmempoteza huko?”

“Ni likizo, mama. Mimi na Mukami tumejifunza kupiga mbizi. Tulifundishwa kwa bwawa la hoteli, sasa tunataka bahari yenyewe. Unavaa nguo ya mpira, unabeba mtungi wa hewa mgongoni, unashuka chini kabisa unaangalia samaki.”

“Mtungi kama wa gesi?”

“Karibu hivyo.”

“Na huyo samaki hawezi kuja juu mumwangalie mkiwa mmekaa?”

Muthomi akacheka. Karwirwa akauliza, “Na mtoto? Naye atabebeshwa mtungi?”

“Mtoto atabaki ufuoni na cucu.”

Moyo wa Karwirwa uliruka kama chura. Aliacha miraa ikaanguka. “Basi nitafute nguo nyepesi. Wanasema huko kuna joto la kuivisha ndizi kwa gunia.”

Halafu Muthomi akasema polepole, “Mama... ni cucu wa hapa. Celina. Kwa sababu mtoto amemzoea.”

“Eeh,” akasema Karwirwa. “Si mbaya.”

Msomaji wangu, ukisikia mwanamke wa Igembe anasema “si mbaya” kwa sauti ndogo namna hiyo, sogeza kiti.

Muthomi, kwa kutaka kumpoza, akaongeza, “Lakini tusaidie kuchagua mahali pa kulala. Tumebaki na mahali patatu. Nakutumia picha, wewe una macho ya kuona.”

Picha zikaja. Ya kwanza ilikuwa hoteli kubwa, ngazi za kung'aa na muziki, lakini iko mbali na miamba ya samaki, kila asubuhi ni safari ya gari kabla ya mashua. Ya pili ilikuwa vibanda vya makuti juu ya mwamba, kila kimoja kimesimama peke yake, na mashua ya wapiga mbizi inaondokea hapo chini. Mukami alipenda vibanda hivyo, Muthomi aliandika. Ya tatu ilikuwa nyumba moja ya kupanga kijijini, vyumba viwili na sebule, jiko lake, na bahari ya magotini mbele ya mlango.

Karwirwa akaitanua hiyo ya tatu kwa vidole. Akaona kitu. Ukuta wa kati ya vyumba viwili haukufika juu. Uliishia nusu, ili upepo upite chini ya makuti. Mtu akigeuka kitandani chumba hiki, wa chumba kile anajua amegeukia upande gani.

Na hapo, kama mtu aliyeona pesa ya noti kwa vumbi, akatazama kulia na kushoto.

Maana kwetu kuna nthoni. Mama wa msichana na mume wa huyo msichana wanaheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono hovyo, hawali sahani zikigusana, na kulala chini ya paa moja, hapana, hapana tena. Vijana wa sasa wamesahau kidogo. Celina hakusahau hata chembe; Karwirwa alimjua. Lakini mama wa mwanamume, nani atamkataza kulala kwa mwanawe?

Akampigia Muthomi. “Chukua hiyo nyumba.”

“Lakini Mukami anasema vibanda viko karibu na mashua.”

“Na mwamba je? Mtoto wa miaka minne juu ya mwamba, unataka tukamwokote kwa chandarua? Hapa kwa nyumba maji ni ya magotini. Kuna jiko, anapikiwa uji wake. Huko kwa vibanda atakula pweza asubuhi?”

“Mama, unaongea kama mtu amewahi kufika.”

“Macho hayalipi nauli.”

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Hilo ndilo baya la wivu, unajua kuchagua ukweli wenye makali. Kabla ya jua kuzama Muthomi alikuwa amelipia nyumba.

Jirani yake Rwamba, ambaye walifunga miraa pamoja tangu wakiwa wasichana, alipoonyeshwa picha alicheka mpaka akashika kiuno. “Wewe Karwirwa! Huu ni mtego wa fuko. Umeufukia vizuri, nyasi juu.”

“Mtego gani? Nimechagua nyumba yenye jiko.”

“Jiko! Na Celina amekukosea nini, maskini?”

“Amenikosea kukaa karibu.”

“Si ungeenda wewe Embu mara kwa mara? Gari zipo.”

“Niende nikaitwe wa Meru?”

“Haya. Hata hivyo ningemwonea huruma Celina kama angeenda,” Rwamba akasema akipangusa machozi. “Mkwe wake na ile nguo ya mpira ya kubana! Angefunga macho wiki nzima, mtoto apotee na wimbi.”

Haikupita wiki, Celina mwenyewe akapiga. Karwirwa alikuwa amejiandaa kusikia sauti ya mtu aliyeumia. Hata alikuwa amekaa vizuri ili aisikie.

“Mkwe wangu, habari ya Meru?” Celina alikuwa anacheka. “Nimeona hiyo nyumba. Ukuta umekatika kama nywele za mvulana! Sasa mimi nitalala wapi, nimsikie mwana wa wenyewe akikoroma? Nimewaambia waende na wewe.”

“Na mimi?” Karwirwa akajifanya kushtuka.

“Wewe ni mama yake, hata ukisikia anakoroma ulimsikia akiwa mdogo. Lakini njoo kwanza Embu, mtoto akuzoee. Nitakuonyesha mambo yake.”

Karwirwa akaweka simu chini. Alikuwa ameshinda. Lakini kuna ushindi mtu anaupigania, na kuna ule anapewa kama kikombe cha chai, pamoja na sukari. Huu wa pili haushibishi. Alitaka Celina akatae kidogo, avute upande wake. Celina aliachilia kamba, na Karwirwa akabaki na kamba.

Akaenda Embu na ndizi, maharagwe ya njahi na asali. Alimkuta Celina sebuleni kwa Muthomi, mwanamke mwembamba wa meno meupe, na mtoto amening'inia mgongoni kwake kama gunia dogo.

“Karwirwa wangu!” Karwirwa akamwita mtoto, mikono wazi.

Mtoto akamwangalia. “Mimi ni Kanini. Karwirwa ni wewe.”

Celina akacheka. Karwirwa akacheka pia, lakini kicheko chake kilitokea kwa meno tu.

Ikafika saa ya kulala mchana. Celina akaeleza, “Huwa anashika ndewe ya sikio langu, hivi, mpaka usingizi umchukue. Mpe lako.” Karwirwa akalala kando ya mtoto, akavua kipuli, akampa sikio. Mtoto akalipapasa huku na huku kama mtu anayenunua parachichi sokoni. Akasema, “Hili si lenyewe,” akashuka kitandani.

Basi Karwirwa akatoa silaha yake. Huko kwao hakuna mtoto aliyemshinda kwa vitendawili. “Kitendawili!”

“Tega!” mtoto akaruka.

“Nyumba yangu kubwa haina mlango.”

“Yai!”

“Nani alikufundisha?”

“Cucu.”

“Haya. Mzee wangu amefunika ndevu zake kwa shuka nyingi, na mbegu...”

“Hindi! Cucu alishasema hiyo. Sema ingine, cucu wa Meru.”

Hata vitendawili! Huyu mwanamke alikuwa amelima shamba lote, hata kwenye mipaka hakuacha mahali pa kupanda maharagwe.

Jioni Celina alikuwa anamlisha mtoto viazi, wanacheka, mara gari likaunguruma getini. Celina akanyamaza katikati ya neno. Akaweka kijiko chini, akachukua shali yake, akatoka kwa mlango wa jikoni haraka kama mtu aliyeiba. Mtoto akamkimbilia, akashika mlango uliofungwa, akalia, “Cucu! Cucu! Hujamaliza kunilisha!”

Nje, nyuma ya ua, Karwirwa alimwona Celina kupitia dirisha. Alikuwa amesimama anasikiliza kile kilio. Hakurudi. Alikaza shali, akashika njia ya kwake.

“Huwa hivi?” Karwirwa akamuuliza Mukami, ambaye alikuwa ameingia kwa mlango wa mbele na mumewe, akaja jikoni.

“Kila siku, mama. Gari likifika anaenda. Kanini hulia kidogo halafu anasahau.”

“Na wikendi?”

“Wikendi baba Kanini yuko nyumbani, kwa hivyo mama haji.” Mukami alikuwa anaosha kijiko ambacho hakikuwa kichafu. “Hajawahi kulala na huyu mtoto hata usiku mmoja. Hapa hawezi, na mimi siwezi kumwacha mtoto alale kwake, kwa sababu mtoto ana ugonjwa wa kifua, kikimbana lazima niwe karibu. Ndiyo nikapenda vile vibanda. Kila kimoja kina paa lake, na viko karibu, ningemsikia akikohoa. Mama alikuwa ameshanunua nguo ya kulala.”

“Mbona hukusema?”

“Ulikuwa umeshachagua, mama. Mimi ni nani?”

Karwirwa akakipokea kile kijiko, akakipangusa. Alikuwa amemwonea Celina wivu wa kukaa na mtoto, na ni kweli alikaa naye; lakini alikaa kama kibarua, jua likishuka anatoka. Yeye mwenyewe angeweza kulala kwa hii nyumba leo, kesho, mwezi mzima, na hakuna mlango wa nyuma angekimbilia. Na hakuwa amekuja. Alikuwa ameketi Kangeta akinuna kwa sababu ya jina la mji.

Usifikiri basi wivu ulimtoka. Ulikaa pale pale, ukapiga miguu. Ukamwambia: Pemba, Karwirwa! Wewe na mtoto, wiki nzima, na yule mwanamke mbali. Atakuzoea. Huko hakuna sikio lingine.

Walipoketi mezani akasema, “Muthomi, ile nyumba haifai.”

Muthomi akaacha kutafuna. “Mama! Si ni wewe ulisema jiko, ukasema maji ya magotini?”

“Nilisema. Sasa nasema vibanda.”

“Na mwamba je?”

“Celina ana mikono. Atamshika.” Jina lile lilimtoka kama jino. “Yeye ndiye ataenda. Chukua kibanda chenu, na chake kando, si mbali sana, mtoto akikohoa Mukami asikie. Na wewe ukitoka majini na hiyo nguo yako ya kubana, jifunge kitambaa kabla ya kupanda juu. Una mkwe.”

Mukami aliinamisha kichwa juu ya sahani. Muthomi alimwangalia mkewe, akamwangalia mamake, halafu akachukua simu yake. “Wacha nione kama bado viko. Huenda watakata kitu kwa ile nyumba.”

“Wakate. Uza ndizi zangu.”

“Na wewe je, mama? Ulikuwa umeshajitayarisha.”

“Mimi sirudi Meru kesho,” akasema Karwirwa. “Nitakaa hapa mpaka msafiri, na mkirudi mtanikuta. Rwamba ataangalia shamba. Kwani kuna mtu wa kunitoa kwa nyumba ya mwanangu?”

“Nani akutoe, mama?” akasema Mukami. Sauti yake ilikuwa imelowa kidogo.

Muda huo wote mtoto, viazi shavuni, alikuwa akifuatilia nani anaenda wapi. Sasa akamgeukia nyanya yake.

“Wewe utalala wapi?”

“Kwa kitanda chako.”

Mtoto akafikiria kweli kweli. “Hapana,” akasema. “Kwa kiti.”

“Kanini!” Muthomi akafoka.

“Mwache,” Karwirwa akasema. Iliuma, usidanganyike, iliuma kama pilipili kwa kidonda. Lakini alisimama, akakishika kile kiti kirefu cha sebuleni kwa upande mmoja, akakivuta, miguu yake ikilia sakafuni, mpaka kikagusa mlango wa chumba cha mtoto. Akaketi juu yake kukijaribu.

“Hapa ni sawa?”

Mtoto akaja akaangalia. Akapima kwa macho kutoka kitini mpaka kitandani.

“Sogeza kidogo,” akasema. “Mlango haufungi.”

Karwirwa akasogeza kidogo. Kidogo sana.