Shavu Juu ya Mahameli

Jamani, kuna watu wamezaliwa na nyayo zinazowasha. Mwenye karakana ya kushona ninayetaka kuwasimulia alikuwa mmoja wao. Mafundi wake walimbandika jina la Kiguu-na-Njia. Alipolisikia akacheka, akasema afadhali hilo kuliko kuitwa Kizingiti. Mwezi huu yuko nchi ya baridi, mwezi ujao nchi ya joto, na kila anapofikia anafungua kompyuta juu ya meza ya kukodi, anapiga picha ya kikombe na dirisha, anawatumia marafiki: "Ofisi ya leo."

Na karakana je? Karakana ilikwenda, tena ilikwenda vizuri. Cherehani kumi na moja, pasi mbili za mvuke, na meza ya kukatia ndefu mpaka ikabidi wavunje kizingiti kuiingiza. Oda zilipokelewa kwa simu, picha za vitambaa zilikwenda na kurudi, na kila asubuhi mafundi walisikiliza sauti yake iliyorekodiwa ikiwaambia kipi kianze na kipi kisubiri. Kwenye kona ya dari alifunga kamera, na chini ya kamera kipaza sauti, ili akiwa na neno aliseme palepale na wote walisikie. Mafundi walikiita Kasuku. Sauti ya kutoka karakana kwenda kwake aliizima tangu wiki ya kwanza, maana makelele ya cherehani kumi na moja si mchezo masikioni. Kwa hiyo yeye alikuwa anaona na kusema, lakini kusikia hasikii. Likumbukeni hilo, ndilo lililomponza.

Mkataji mkuu alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea tangu ana miaka sita. Cherehani tatu za kwanza zilikuwa za huyo Shangazi. Binti alipokua akaja na mipango yake mikubwa, Shangazi akamkabidhi funguo bila hata kikao. "Mimi niachie mkasi tu," alisema. Pale kazini wote walimwita Shangazi, hata mzee mpiga pasi aliyemzidi mvi. Naye alimwita kila mtu mwanangu, mwenye karakana akiwemo.

Sasa sikilizeni. Siku yenyewe, Kiguu-na-Njia alikuwa mbali, katika jengo ambalo wasafiri wenye biashara zao hukodi meza za kufanyia kazi. Walikuwa wamezoeana pale, watu wanane na yeye wa tisa, na siku hiyo walimwomba awaambie siri yake. Akajiweka sawa kitini.

"Siri ni moja," akasema. "Uwaone, lakini wao wasikuone."

"Na wakizembea?" mmoja akauliza.

"Wazembee wapi? Njooni muone." Akaigeuza kompyuta.

Wote wakainama kutazama. Kila fundi alikuwa ameshikilia kazi yake. Lakini katikati kabisa, kwenye ile meza ndefu, Shangazi alikuwa amelaza kichwa juu ya kitambaa. Shavu limebandikwa mezani, macho yamefumbwa, mkono mmoja umenyooshwa mbele, ametulia tuli.

"Huyo mama kalala fofofo!" mmoja akasema, na kicheko kikapasuka.

Kiguu-na-Njia akacheka nao, huku anasikia joto shingoni. Mtu umetoka kujisifu sasa hivi, halafu watu wako wanakuangusha mbele ya wageni! Hakutafakari. Akabonyeza kitufe cha Kasuku.

"Shangazi! Hapo ni kazini, si kitandani! Kama umechoka, kaa nyumbani uwapishe wenye nguvu!"

Mikono yote ikasimama juu ya cherehani. Shangazi akainua kichwa taratibu, akageuka, akatazama kona ya dari. Midomo yake ikacheza, ikatulia kidogo, ikacheza tena, ikatulia, ikacheza mara ya mwisho. Kisha akasimama wima na kushika chaki.

"Umeona mambo!" wakamwambia wale wanane, na mmoja akampigia makofi. Nami nisiwadanganye, alifurahi. Alimaliza chai yake akiwa na furaha kabisa.

Majuto ni mjukuu, wanasema, na mjukuu huyu hakuchelewa kuzaliwa. Zilipita wiki tatu. Kiguu-na-Njia alikuwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege, viatu mkononi, simu ikalia. Aliyepiga alikuwa mwalimu wa kwaya moja aliyeagiza majoho thelathini ya mahameli, rangi ya damu ya mzee.

"Dada," mwalimu akasema, "umetufanyia nini? Chumbani nguo zilikuwa nzuri. Tumepanda jukwaani, taa zimewashwa, mikono rangi yake, migongo rangi yake. Tumesimama pale kama ndizi za mikungu tofauti. Watu wamecheka mpaka sauti ya tatu wamesahau wimbo."

Akaomba radhi, akaahidi kushona upya. Hakumuuliza mtu yeyote kulikoni. Palepale kwenye foleni akaandika kwenye kundi la simu la karakana: "Aliyekata majoho ya kwaya asiguse kitambaa kingine mpaka nirudi."

Aliyekata ni nani asiyemjua? Mkataji ni mmoja. Shangazi alisomewa ujumbe ule, maana maandishi madogo ya simu yalikuwa yanamshinda, akavua aproni, akaikunja mara nne, akauviringisha mkasi wake kwenye kipande cha kanga na kwenda zake nyumbani.

Kiguu-na-Njia akabadilisha tiketi, akarudi. Ukweli usemwe, alirudi kwa ajili ya majoho, si kwa ajili ya shangazi yake. Aliingia karakana na begi lake la magurudumu, akachukua joho moja, akalipeleka mlangoni penye mwanga. Kweli bwana. Mgongo umeiva, mikono imepauka, utadhani imefuliwa mara ishirini.

"Wametuuzia kitambaa kibovu," akasema.

"Kitambaa ni kimoja, jora moja," akajibu mzee mpiga pasi bila kuinua macho. "Vipande vingine vimekatwa vichwa chini, miguu juu."

"Shangazi anakata mahameli miaka thelathini! Akosee leo?"

Mzee akaisimamisha pasi yake, akajifuta mikono.

"Hakukosea, bosi. Ulimkataza kulala."

Mwanzoni hakuelewa. Halafu akaelewa.

Mahameli ina manyoya, na manyoya yake yana njia. Ukipapasa upande huu yanalala, ukipapasa upande ule yanasimama. Yakilala kitambaa kinang'aa na kupauka, yakisimama kinaiva. Vipande vyote vya nguo lazima vielekee upande mmoja, la sivyo taa itakuumbua. Na namna ya Shangazi ya kuijua njia hiyo ilikuwa moja. Hakutumia kiganja. "Mkono wa fundi una sugu," alizoea kusema, "na mkono wenye sugu unadanganya. Shavu halijawahi kushika mkasi." Basi huinama, hulaza shavu juu ya kitambaa, hufumba macho, husogeza uso taratibu, halafu hutulia mpaka awe na hakika.

Na nani aliyeyajua haya kuliko Kiguu-na-Njia? Alikuwa na miaka minane, amesimama juu ya kigoda mbele ya meza ya zamani, Shangazi amemshika kisogo na kumlaza shavu kwenye mahameli ya kijani. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akamwambia. "Unasikia?" "Nasikia, yanakwenda kule." "Haya, fumba macho, urudie." Walicheka siku ile mpaka wakalia, kwa sababu manyoya yalimtekenya puani. Angekuwa muuza viatu, mtu angesema masikini, hakujua. Huyu alijua. Alilijua kwa ngozi ya uso wake mwenyewe, kisha akalitazama kwenye kioo cha kompyuta na kuona mwanamke mzembe.

"Kwa nini hakuinama tu?" akauliza, na sauti yake haikuwa ya kibosi tena.

"Tulimwambia," akasema mshonaji wa mikono. "Tulimwambia, Shangazi, inama, hiyo ni mahameli. Akasema, bosi anatazama. Akawa anapapasa kwa mkono."

"Na siku ile niliyomgombeza... niliona midomo yake. Alisema nini?"

Mafundi wakatazamana. Mzee mpiga pasi ndiye aliyejibu.

"Alisema, 'Sikulala, mwanangu, naisikiliza mahameli.' Akangoja. Wewe kimya. Akadhani hukusikia, akarudia. Wewe kimya. Ndipo akasema, 'Sawa, bosi.'"

Aibu ina namna nyingi. Kuna ile ya kujikwaa mbele za watu, inapita baada ya hatua kumi. Hii ilimkaa kifuani, ikakataa kutoka. Alitamani mafundi wamtukane, lakini walirudi kwenye cherehani zao mmoja mmoja, kwa adabu, na adabu yao ilimchoma kuliko tusi. Akaliacha begi pale mlangoni, akatoka.

Shangazi alimfungulia mwenyewe.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Pole na safari. Karibu, bosi."

Chumba kilikuwa na kiti kimoja chenye mto. Kiti hicho kilikuwa cha Shangazi miaka yote, hakuna aliyethubutu kukikalia. Shangazi akakipangusa kwa upindo wa kanga, akamsogezea, akabaki amesimama na mikono ameifunga mbele.

"Shangazi, kaa wewe."

"Nimezoea kusimama sasa."

Hakusema kwa kejeli. Angesema kwa kejeli ingekuwa nafuu. Kiguu-na-Njia akaketi chini, kwenye mkeka, kama alivyokuwa akiketi zamani akisukwa nywele. Kwenye pochi alikuwa na shali laini aliyoinunua nchi ya mbali, akaona haya hata kuitoa.

"Nisamehe, Shangazi. Nimesahau kazi uliyonifundisha. Tena usiniite bosi, nakuomba."

"Nikuiteje? Mbele ya watu ulikuwa bosi."

"Nilikosa. Nilikosa sana."

Shangazi akafikiri kidogo. "Nikuulize. Siku ile, ulikuwa peke yako ulikokuwa?"

Hapa angeweza kudanganya. Nani angejua? Wale wanane walikuwa wametawanyika duniani, kila mtu na begi lake. Neno "ndiyo" lilishafika ulimini. Akamtazama mwanamke aliyesimama mbele yake kama kibarua aliyeitwa ofisini, akashindwa.

"Tulikuwa tisa," akasema. "Nilikuwa nawaonyesha."

"Unawaonyesha nini?"

"Karakana. Najisifu."

"Wakaniona?"

"Wakakuona."

"Wakacheka?"

"Wakacheka, Shangazi."

"Na wewe?"

Machozi yalikuwa yanamtoka bila kuyafuta. "Na mimi."

Shangazi akaenda dirishani, akarekebisha pazia ambalo halikuwa na kasoro yoyote, akarudi.

"Mimi nilidhani umenigombeza kwa hasira ya kazi," akasema. "Mtu mwenye kazi hukasirika. Hilo nilishalimeza."

Mengine hakusema. Alimpa maji ya kunywa, akamuuliza kama huko alikotoka kuna baridi, na alipomsindikiza mlangoni akasema, "Watu thelathini wanangoja nguo. Kesho nitakuja."

Kesho yake, kabla fundi yeyote hajafika, Kiguu-na-Njia alipanda ngazi mwenyewe na bisibisi mkononi. Akamshusha Kasuku, akaishusha kamera, akavitia vyote kwenye boksi la uzi. Simu yake ililia mara mbili. Ni mmoja wa wale wanane, anamtaka akazungumze tena mbele ya watu wengi zaidi. Akaizima.

Mafundi waliingia, wakaona kona tupu, wakajifanya hawakuona. Saa mbili Shangazi akafika. Akavaa aproni, akafungua mkasi kutoka kwenye kanga, akaandaa chaki. Kiguu-na-Njia na mzee mpiga pasi wakalifungua jora jipya, wakalitandaza mezani mwanzo hadi mwisho.

Shangazi akasimama mbele ya mahameli. Akanyoosha kiganja, akakirudisha. Akainua uso kuitazama kona ya dari. Palikuwa na matundu manne ya skrubu na alama ya mraba pale ambapo rangi ya ukuta ilikuwa haijapigwa vumbi.

"Nikilaza kichwa," akauliza, "hamtasema nimelala?"

"Hatutasema, Shangazi," Kiguu-na-Njia akajibu.

Shangazi akainama. Akanyoosha mkono mmoja mbele, akalaza shavu juu ya kitambaa, akausogeza uso taratibu kama alivyofanya miaka thelathini. Zamani alikuwa anafumba macho. Sasa yalikuwa wazi, yameelekea kule juu, kwenye matundu manne.

"Shangazi, fumba tu macho," Kiguu-na-Njia akamwambia kwa sauti ya chini. "Pale hakuna kitu."

"Naona hakuna," Shangazi akajibu, shavu likiwa bado juu ya mahameli, na hakuyafumba.