Mababu wa Kuazima

Mwanatumu alikuwa uani anapaa changu pale babu wa kwanza alipoingia bila hodi, akaegemeza fimbo ukutani na kuuliza maziwa ya ngamia yako wapi.

"Hakuna," akasema Mwanatumu. "Kuna samaki."

Babu akakunja uso. Alikuwa amekufa zamani sana, lakini harufu ya samaki ilimkera vilevile.

Fumo, mumewe Mwanatumu, fundi wa mashine za boti, alimjua mgeni mara moja, maana jina lake alikuwa amelikariri wiki nzima. Kisa ni nyumba. Nyumba ya marehemu Mzee Bakri, babake Fumo, iko papo hapo Kismayo, na tangu vita vilipowakimbiza wao hadi Mombasa inakaliwa na watu wengine. Fumo amerudi, kapanga chumba mtaa wa pili, na kila akipita mlango wa kwao husalimia kama mgeni. Sasa baraza la wazee lingesikiliza kesi za nyumba siku ya Alhamisi. Mbele ya baraza, mtu hujulikana kwa kutaja mababu zake mmoja mmoja mpaka afike kwenye ukoo mkubwa. Fumo akitaja wake, Bakri, Idarus, Mbaraka wa kisiwani Chula, wazee hupiga miayo. Mbajuni, wanasema, hana watu nyuma yake.

Basi Fumo, bingwa wa kujipalia makaa, alimtengenezea rafiki yake Aboud mashine ya boti, na Aboud, ajuaye koo zote za mji, akamfundisha ukoo wa kuazima. Fumo alichagua ulio mkubwa kuliko zote mjini, wa wafuga ngamia. Mtu akiazima, aazime mdogo wa nini? Alijiona ana akili hasa.

Kufika Jumatano mababu walikuwa wamejaa chumba kizima. Walibishana ni yupi kati yao aliyemzaa huyu, wakamkagua miguu, wakakubaliana kwamba haijawahi kufuata ngamia hata mmoja. Fumo akawapepea na kuwamwagia maji ya kutawadha. Mababu zake mwenyewe walikuja jioni, wakachungulia, wakaona hakuna pa kukaa, wakaketi nje kwa adabu zao. Fumo alipowaona moyo ulimuuma, akajitia kukohoa.

"Babako yuko nje," Mwanatumu akamwambia.

"Namwona."

"Si umkaribishe!"

"Alhamisi ipite kwanza."

"Ewe!" Kibajuni kikamtoka Mwanatumu. "Mchu gani humwacha babake nje akapepea babu za wachu?"

Fumo akaendelea kupepea.

Alhamisi alitaja ukoo wote bila kukwama, na mababu wakasimama nyuma yake wakiitikia kwa vichwa. Wazee wa baraza waliwaamkia, wakaagiza viti. Kisha yule anayeikalia nyumba akainuka, akamkumbatia Fumo kwa furaha. Naye alikuwa wa ukoo huohuo.

"Alhamdulillahi," akasema mkuu wa baraza. "Kumbe nyumba iko kwa nduguzo, haijatoka nje ya ukoo. Sasa unalalamika nini, ndugu yangu?" Wakasoma Fatiha, kesi ikaisha.

Hapo Fumo akaelewa. Alikuwa ameitoa nyumba ya babake kwa ulimi wake, tena kwa ufasaha.

"Mimi si wenu," akasema. "Ni Fumo wa Bakri wa Idarus wa Mbaraka. Mbajuni wa Chula. Nyumba ni yetu."

Mababu wakaokota fimbo zao. Mkuu wa baraza hakukasirika hata kidogo.

"Mbajuni? Basi huna kesi hapa," akasema, akaita anayefuata.

Fumo alitoka akijicheka. Kushindwa kesi moja mara mbili asubuhi moja, hilo nalo lataka kipaji. Mababu wa kuazima walifuatana na yule ndugu yao mpaka nyumbani kwa Mzee Bakri, wakapewa vyumba vya juu, na wako huko mpaka leo.

Mzee Bakri alikuwa bado kaketi nje ya chumba cha kupanga. Fumo alichuchumaa mbele yake, akambusu mkono. Ulikuwa baridi.

"Nyumba?" akauliza mzee.

"Imekwenda, baba."

"Na jina langu ulilitaja?"

"Nimelitaja. Nimechelewa, lakini nimelitaja."

"Wote walisikia?"

"Wote, baba."

Mzee Bakri akavua viatu, akaingia ndani.