Bega la Konokono

Mume wangu Jung-kuei akiwa nyumbani ana maneno matatu: "nimeshiba," "mvua" na "nalala." Kwa hiyo jirani aliponiambia kwamba kule kwenye hifadhi ya msitu, juu ya mji wetu wa Miaoli, mume wangu huongea mpaka watu wanashika mbavu, moyo uliniwaka. Wivu, ndiyo. Siuonei haya.

Tangu astaafu udereva wa basi, hujitolea kutembeza wageni huko jioni, msimu wa vimulimuli. Wanaojitolea hawaitani majina ya kuzaliwa. Kila mmoja hujichagulia la mdudu, ndege au mmea. Yeye ni Konokono. Nimemzalia watoto watatu, na jina hilo nimelisikia kwa jirani!

Jumamosi nikajiandikisha kama mgeni. Aliponiona langoni alishtuka, akasema, "Umekuja." Basi, yakaishia hapo.

"Wifi! Hatimaye!" Mwanamke mwembamba mwenye viatu vya mpira alinikumbatia. "Mimi Kangaga. Konokono ametusimulia habari zako zote."

"Zipi hizo?"

"Giligilani huli hata kwa dawa. Na mjusi akipita, unapanda kitandani na viatu!"

Nikatabasamu kwa meno tu. Kangaga akammiminia mume wangu chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa yake, bila kumuuliza kama anataka, naye akainywa yote. Wifi wa wapi huyu?

Tukaingia msituni jua likizama, tochi zimefunikwa karatasi nyekundu. Konokono akawa mtu mwingine kabisa.

"Mnamsikia huyo chura? Anamwita mkewe. Mke kamsikia zamani, ila ananuna kwanza."

"Huyo ni chura, au ni wewe?" akadakia Kangaga.

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu maneno aliyoninyima miaka yote hiyo, na hapa anayamwaga bure kwa watu asiowajua.

Tulipofika kwenye mianzi akasema, "Zimeni tochi. Kila mtu ashike bega la aliye mbele yake."

Nyuma yake ilikuwa nafasi ya Kangaga. Nilimwona akiunyosha mkono. Giza lilipoingia tu nikampiga kikumbo, nikalishika bega mimi. Tukaenda hatua kwa hatua. Vimulimuli wakaanza kuwaka majanini, mmoja, kisha wengi.

Jung-kuei akarudisha kichwa nyuma kidogo, akanong'ona, "Kangaga, mbele kuna ngazi. Mshike mkono mke wangu, lakini asijue nimekutuma. Goti linamuuma siku hizi, ila hasemi."

"Si umuulize mwenyewe?" nikanong'ona, sauti nimeibana ifanane na ya Kangaga.

"Naogopa. Tumezoea kunyamaza. Nitaanzia wapi?"

Najua, ningepaswa kufurahi. Badala yake wivu ulinikaba zaidi: maneno niliyostahili kuambiwa mimi, matamu namna ile, yalikuwa yakipelekwa kwa mwanamke mwingine.

"Jung-kuei," nikasema kwa sauti yangu, "goti ni langu. Anzia hapo."

Bega likakakamaa kiganjani mwangu. Akasimama, na msururu wote ukasimama.

"Linauma sana?" akauliza.

"Sana. Hasa asubuhi."

"Mbona hukuniambia?"

"Konokono!" Kangaga akaita kutoka nyuma. "Mbona tumekwama?"

"Subiri wewe," nikamjibu mimi. "Tunaongea."